Kadi ya kaka imefufuka!

Leo naomba tuongee mambo ya gemu. Najua wazee wangu mtasema huo ni uhuni wa watoto wanaokwepa shamba. Subirini kwanza, msifungue ukurasa mwingine.

Kwetu Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu. Ndani mlikuwa na tivii ya chogo, PlayStation 2 moja na pedi mbili, basi. Mechi shilingi mia, ukifungwa unampisha mwenzako. Tulijazana mpaka mlango haufungi. Gemu lenyewe Pro Evolution Soccer 6, la 2006.

Sasa kaka alikuwa mtundu. Gemu lile linakuruhusu kubadili majina ya wachezaji. Akakesha siku kadhaa, akaandika timu nzima kwa majina ya vijana wa Sanje. Mimi nikapewa beki wa kushoto, mbio za kinyonga, jamani! Yeye mwenyewe, bila aibu, namba kumi na ukapteni juu. Kazi yote hiyo akaihifadhi kwenye memori kadi, kile kidude cha MB 8.

Kaka alifariki 2017. Kibanda kikafungwa, Mama akafungia vyombo kwenye sanduku la bati. Mwaka jana nikavitoa. Nikachomeka, taa ikawaka, lakini CD haisomi ng'o. Fundi wa kwanza akasema jicho limekufa, kauze skrepa. Nusura nimsikilize!

Ifakara nikampata fundi mwingine. Akaniuliza, "Dogo, unataka mashine au unataka kilichomo?" Nikamwambia, "Kilichomo, kaka."

Kumbe PS2 inaweza kuwaka bila CD. Fundi alikuwa na kadi yake yenye programu iitwayo Free McBoot. Akaichomeka tundu la kwanza, kadi ya kaka tundu la pili, flashi kwa mbele. Dakika chache tu, mafaili yakahamia kwenye flashi. Akakopi pia BIOS, yaani programu inayoiamsha mashine. CD nayo, ingawa ina mikwaruzo, deki ya kompyuta ikaisoma.

Kisha akafungua PCSX2, programu ya bure iliyotoka kwa mara ya kwanza 2002, kazi yake kuifanya kompyuta ijifanye PS2. Hapo lazima kompyuta iwe na nguvu. PS2 yenyewe ilikuwa na RAM ya MB 32 tu, lakini mwigizaji ni kama mkalimani: asikie, atafsiri, aseme, yote palepale. Kompyuta ikiwa dhaifu, straika anakimbia kama anatembea kwenye tope la mpunga. Vijana wa simu mnaijua PPSSPP ya 2012, ila ile ni ya gemu za PSP, kadi ya PS2 haihusiki.

Msione ni shida yetu sisi wa bondeni tu. Sony iliuza PS2 zaidi ya milioni 155 tangu 2000, ikaacha kuzitengeneza mwanzoni mwa 2013. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka huko kabla ya 2010 haziuzwi tena sokoni. Kama wao wenye maduka wamefikia hapo, je sisi ambao CD zetu nyingi zilikuwa za kuchoma?

Basi nikaazima laptopu, nikaenda nayo nyumbani. Mama hajui gemu wala nini. Akavaa miwani, akasoma majina moja moja kama anaita mahudhurio. Huyu yuko Dar, huyu kaoa, huyu Mungu amrehemu. Alipofika namba kumi akanyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Na huyu beki wa kushoto ni wewe? Mbona kakuandika mzito hivyo?"

Tukacheka mpaka machozi. Mengine hayakuwa ya kicheko.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama una kadi kabatini, usimpe muuza skrepa. Kopi mafaili leo, weka sehemu mbili tofauti, maana flashi nayo hufa. Jicho likifa si mwisho. Kadi ikifa, hakuna fundi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.