Maziwa hayaoshi mapafu

"Daktari, ninywe maziwa kiasi gani kwa siku?"

Nimeulizwa tena wiki iliyopita, safari hii na mwalimu wa Kiingereza kutoka Arusha, mwezi wake wa kwanza Kapata, mtaa wa mji wa migodi wa Kolwezi, Kongo. Kama maziwa yanasaidia au hayasaidii, hakuuliza. Hilo alishahakikishiwa na mwenye nyumba, na walimu wenzake, na muuza duka aliyemuuzia kopo la maziwa ya unga. Vumbi la madini linaoshwa na maziwa, wamekwisha kukubaliana. Kwangu alitaka kipimo tu: glasi moja au mbili.

Kwa kazi hiyo, hata moja haihitajiki. Nimelijibu swali hili kwa mdomo mara nyingi mno, na sasa naliandika.

Tuangalie njia. Unachokimeza hupita kwenye umio kwenda tumboni. Unachokivuta puani hupita kwenye bomba la hewa kwenda mapafuni. Maziwa yakikosea njia yakashuka mapafuni, unapaliwa, na yakiwa mengi unaweza kupata nimonia. Basi maziwa na vumbi la mapafuni hayakutani popote. Chembe kubwa hunaswa na makamasi, ukazitoa kwa chafya au kikohozi. Zile ndogo zisizoonekana kwa macho hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, na vumbi la mwamba lenye silika likishatua huko halitolewi na kinywaji chochote: si maziwa, si asali, si mafuta ya mawese, wala pombe kali, ambayo nayo nimeshaisikia ikipendekezwa na watu wazima wenye akili zao.

Hapo huletewa hoja ya viwandani. Mbona wapaka rangi na wachomeleaji hugawiwa maziwa? Ni kweli, hugawiwa. Muungano wa Kisovieti uliwahi kuyaweka hata kwenye sheria kwa wafanyakazi wa kazi zenye madhara. Kumpa mtu maziwa ni rahisi kuliko kufunga mtambo wa kufyonza vumbi, na desturi ikadumu. Ndani yake mna chembe moja ya ukweli: mtu mwenye upungufu wa kalisiamu hufyonza zaidi madini ya risasi aliyoyameza. Ni risasi, na ni kwa njia ya tumbo.

Hapa Kolwezi hofu yetu kubwa ni kobalti. Ikimezwa, hupita utumboni kwa mlango uleule wa madini ya chuma, na mwenye upungufu wa chuma huifyonza kwa wingi zaidi. Maziwa yana chuma kidogo sana, na kalisiamu yake hupunguza ufyonzwaji wa chuma cha mlo ulioliwa pamoja nayo. Mwalimu anayeacha nyama na maharage ili pesa itoshe kopo la maziwa anajiongezea hatari ileile anayoikimbia. Kuisafisha kobalti ni kazi ya figo: sehemu kubwa ya iliyofyonzwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache, mradi usiingize nyingine.

Na hatari ipo, sitaki mtu anielewe vibaya. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walionyesha kobalti nyingi katika mikojo ya watu wa jimbo la zamani la Katanga walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyushia madini. Mwaka 2018 wakatoa matokeo ya Kasulo, mtaa wa hapahapa Kolwezi ambako watu walichimba madini katikati ya makazi. Kobalti ilikuwa juu kwenye mkojo na damu ya wakazi, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Watoto hao hawakuwa wote mashimoni. Walicheza chini, wakatia vidole mdomoni.

Vumbi la nyumbani nalo huingia mwilini, ndiyo maana nilikwenda kumwona yule mwalimu kwake. Ilikuwa Agosti, kiangazi kimekaza, na malori yanapita barabarani. Alikuwa ameketi mezani na kikombe chake cha maziwa, daftari za wanafunzi mbele yake, na mtoto wa mwenye nyumba anafagia chumba kwa ufagio mkavu. Mwanga wa dirishani ulijaa vumbi jekundu. Nilipopitisha kidole kwenye jalada la daftari ya juu, kikaacha mstari. Utando mwembamba ulikuwa umeshatanda juu ya maziwa, na akayanywa.

Basi fanya haya. Funika chakula. Usifagie pakavu, piga deki kwa maji, futa meza na madirisha kwa kitambaa chenye unyevu. Viatu viishie mlangoni. Nawa mikono kabla ya kushika bukari (ugali wetu), na sombe (kisamvu) uioshe kwa maji mengi kabla ya kuitwanga. Nguo za nje usizikung'utie ndani. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo. Tafuta ya N95, uivae barabarani wakati wa kiangazi. Panga nyumba mbali na njia ya malori na mbali na mahali wanapoosha mawe ya madini, kama kandokando ya Ziwa Malo. Maji uyachemshe kwa ajili ya kipindupindu, lakini ujue kuchemsha hakuondoi metali hata kidogo, kwa hiyo kwanza ulizia kisima kiko wapi. Dawa za "kutoa sumu" usizinywe bila daktari. Maziwa ukiyapenda, kunywa kama chakula; tumbo likiunguruma, yaache, watu wazima wengi wa kwetu hatuyamudu.

Mwenye pumu, au mke mjamzito, au mtoto anayetambaa, aje kuniona kabla hajalipa kodi ya nyumba.