Kromosomu za Jinsi kwa Wanyama Wanyonyeshao

Ng'ombe, mbuzi, sokwe mtu na binadamu wote ni wanyama wanyonyeshao. Katika mazizi ya Kasulu na Kibondo, mbuzi huzaa wana wa kiume na wa kike. Je, ni kitu gani kinachoamua mwana awe dume au jike?

Mwili wa mnyama umejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Ndani ya kiini cha chembe hai mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Kila kromosomu ina jeni nyingi, yaani maagizo ya kuujenga mwili. Kromosomu huwa katika jozi. Binadamu ana kromosomu 46, sokwe mtu 48, na ng'ombe na mbuzi 60.

Jozi moja huhusika na jinsi. Kwa kawaida jike ana kromosomu X mbili. Dume ana X moja na Y moja. Kwa hiyo yai la mama huwa na X, lakini mbegu ya baba huwa na X au Y. Yai likiungana na mbegu yenye X, mwana huwa jike. Likiungana na mbegu yenye Y, mwana huwa dume.

Jaribio

Chukua vyungu viwili. Katika chungu cha mama weka maharage mekundu mawili. Haya ni X. Katika chungu cha baba weka harage jekundu moja, na jeupe moja ambalo ni Y. Bila kutazama, toa harage moja katika kila chungu. Andika ulichopata, kisha uyarudishe. Rudia mara 40.

Utaona kwamba harage jeupe hutoka katika chungu cha baba tu, na hutoka karibu nusu ya mara zote. Wako watu wamlaumuo mama kwa kuzaa mabinti watupu, hata kumfukuza nyumbani. Lawama hiyo haina msingi, kwa kuwa yai halina Y. Baba naye hawezi kuchagua mbegu itakayoungana na yai.

Asili ya X na Y

Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, X na Y zilikuwa jozi ya kromosomu zinazofanana. Kisha jeni moja katika mojawapo ilibadilika, ikawa agizo la kuanzisha korodani katika mimba changa. Wataalamu mjini London waliitambua jeni hiyo mwaka 1990, nayo huitwa SRY.

Kromosomu zilizo jozi hubadilishana vipande. Fikiria wanafunzi wawili wenye madaftari yanayofanana: mmoja akikosea, husahihisha kwa kutazama daftari la mwenzake. X mbili za mama hufanya hivyo. Lakini sehemu kubwa ya Y iliacha kubadilishana vipande na X. Kasoro zikaongezeka, jeni nyingi zikapotea, na Y ikawa fupi.

Je, Y itatoweka kwa binadamu? Mwaka 2012 wataalamu walilinganisha Y ya binadamu na ya nyani aina ya rhesus. Waliona kwamba katika miaka milioni 25, Y ya binadamu imepoteza jeni moja tu kati ya zile za asili. Zilizobaki zina kazi muhimu mwilini, na hivyo zimehifadhiwa.

Hata hivyo, kila mnyama ana njia yake. Magharibi ya Kasulu, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako sokwe mtu wamechunguzwa tangu mwaka 1960. Sokwe mtu ni ndugu wa karibu wa binadamu, lakini Y yake imepoteza jeni kadhaa ambazo Y ya binadamu bado inazo. Huko Gombe majike wengi wakikua huhamia kundi jingine, bali madume hubaki walikozaliwa. Hivyo Y hupita kutoka baba hadi mwana katika kundi lile lile.

Maswali

1. Mbuzi ana kromosomu ngapi?
2. Kwa nini mama asilaumiwe kwa kuzaa mabinti watupu?
3. Eleza kwa nini Y ilipoteza jeni nyingi kuliko X.
4. Linganisha matokeo ya jaribio lako na ya wenzako. Je, yanafanana?