Likasi: Plasta ikitolewa, chagua vizuri wa kukusaidia kunyoosha kiungo

Huko Likasi, mji wa migodi ulio umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, mtu aliyevunjika katika ajali ya pikipiki au machimboni huhesabu siku za kutolewa plasta. Mfupa wa mkono huunga kwa wiki 6 hivi. Wa mguu huchukua miezi. Lakini plasta ikitoka, kiungo huwa kimekakamaa na misuli imelegea. Hapo ndipo wengi hukosea: hukandwa na yeyote.

Mtaalamu wa kinezi anayefaa hujulikana mapema. Amesomea kazi hiyo na hakatai kuonyesha diploma. Kabla ya kugusa, huuliza ajali ilivyotokea na hutazama picha ya eksirei. Hupima kiungo kinapinda kiasi gani, kisha hufundisha mazoezi ya nyumbani, jambo linalopunguza gharama.

Wa kuepukwa ni anayevuta kwa nguvu, anayekanda mfupa ambao haujaunga, au anayeahidi uponyaji wa siku 3. Vidole vikipoa au kufa ganzi, mgonjwa arudi hospitali mara moja.

Kwa mchimbaji au dereva wa pikipiki, goti lisilopinda ni kazi iliyopotea.