Je, Wajua? Maua ya Kivulini Kati ya Majabali ya Nyamagana

Je, wajua kwamba kivuli cha Mwanza huhama kwa msimu? Jiji liko takriban nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita huinamia kaskazini kwa karibu nyuzi 26, na Desemba huinamia kusini kwa karibu nyuzi 21. Kwa hiyo upande wa kusini wa jabali hukaa kivulini Juni hadi Agosti, miezi ya kiangazi kikali, kisha hupigwa na jua Novemba na Desemba mvua za vuli zikiwa zimeshika. Kichaka kilichopandwa hapo kinafichwa kiu ikizidi na kufunuliwa maji yakiwepo. Kwa nyumba za mitaa ya Nyamagana kama Isamilo, Bugando au Mabatini, zilizobanana na mawe, hii ni neema, nami huumia kila nionapo jabali zuri likipasuliwa kokoto ili kupata nafasi ya bustani.

Je, wajua kwamba upande wa mashariki wa jabali ndio mwepesi kuliko zote kwa anayeanza? Unapata jua la asubuhi, na alasiri jiwe linakinga.

Je, wajua kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji? Itale ya majabali haya hainywi maji mengi. Jabali lenye mgongo wa mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 15, karibu lita 300 huteremka hadi chini yake, yaani ndoo 15 za lita 20. Chimba shimo la mche pale mfereji huo unapoishia, ila usilichimbe kwenye dimbwi, maana mizizi ikikosa hewa huoza.

Je, wajua kwamba itale ikimomonyoka huacha mchanga mkavu usioshika maji wala rutuba? Samadi iliyooza vizuri na matandazo ya majani makavu ndiyo tiba. Matandazo yasiguse shina.

Je, wajua kwamba kichaka cha kijani mwaka mzima nacho hupukutisha majani? Ni vile tu hayaanguki yote kwa pamoja. Majani machache ya manjano ya chini si ugonjwa. Lakini iksora yenye majani machanga ya manjano na mishipa ya kijani inakuambia jambo jingine: inakosa madini ya chuma. Mara nyingi imepandwa karibu mno na ukuta uliopigwa lipu, ambapo saruji na chokaa huufanya udongo uwe na alikali, na mizizi ishindwe kuyafyonza madini hayo hata yakiwepo. Ihamishie mbali na ukuta kabla ya kununua mbolea yoyote.

Je, wajua kwamba iksora na gadenia ni ndugu wa mbuni wa kahawa? Na mbuni wenyewe ni kichaka cha maua ya kivulini, ingawa wengi huutazama kwa ajili ya mbegu tu. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kagera, Wahaya wameupanda chini ya migomba vizazi na vizazi. Majani yake hubaki mabichi na yenye kung'aa. Vitumba vyake hulala wakati wa ukame. Mvua ikishavigutusha, baada ya siku chache matawi hujaa maua meupe yanayonukia kama asmini. Harufu hiyo haidumu, maana maua hunyauka baada ya siku mbili tatu, lakini ningepanda mbuni kwa ajili ya siku hizo pekee. Ukichagua robusta, panda miwili au zaidi: mmoja hauwezi kujichavusha wenyewe, na bila mwenzake hutaona buni.

Je, wajua kwamba ua la brunfelsia huchanua likiwa zambarau, kesho yake likapauka, na mwishowe likawa jeupe? Kichaka kimoja hubeba rangi zote tatu kwa wakati mmoja, na nusu kivuli chakitosha. Kina sumu, mbwa asiachwe kukitafuna.

Je, wajua kwamba rangi ya bogenvilia si ya ua? Ni ya majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe cha katikati. Hiyo usiilete kivulini. Itatoa majani na miiba, na maua haba.

Je, wajua kwamba oleanda ina sumu kuanzia jani hadi ua, inayovuruga mapigo ya moyo wa mtu na mnyama? Penye watoto au mbuzi, chagua kichaka kingine.

Je, wajua kwamba ua moja la haibiskasi kwa kawaida huishi siku moja tu? Kichaka huonekana kimechanua daima kwa sababu vitumba vipya hufunguka kila siku. Maua huota kwenye matawi mapya, hivyo pogoa kidogo mvua zinapoanza. Jua la nusu siku linatosha kuwaita ndege aina ya chozi.

Je, wajua kwamba gugu maji, lililoisumbua mitumbwi ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake? Asili yake ni Amerika Kusini. Lantana nayo ilitoka Amerika kama pambo la bustani, na leo inavamia malisho. Ndege hula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali. Kama unayo, kata vishada vya matunda kabla havijaiva.

Je, wajua kwamba ua la kivulini linalopendwa sana madirishani Ulaya lilitoka Tanzania? Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Usambara, alituma Ujerumani mbegu za mmea mdogo wa maua ya urujuani uliopewa jina la Saintpaulia. Si kichaka, ni mmea wa chungu. Lakini kwao, huko misituni mwa Usambara, huota juu ya miamba yenye kivuli.