Katika michezo ya mikakati, wakati ni wa nani?

Wahenga wetu walitwambia kuwa haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao wakageuka wakatwambia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Asiyejua hudhani kuwa wazee walijipinga wenyewe. La, hasha! Kila methali ina pahala pake, na mwenye busara ni yule ajuaye ipi ya kushika na kwa saa ipi.

Ikhtilafu hiyo nimeiona upya kwa kuwatazama vijana wetu wachezao michezo ya mikakati katika kompyuta: michezo ya kujenga miji, kukusanya mali, kupanga majeshi na kuteka nchi. Wengi wetu tuliokwisha kuota mvi huiona yote kuwa mamoja, makelele na mizinga. Lakini ukiitazama kwa makini, mpenzi msomaji, utaona kuwa kinachoitenga ni namna kila mmoja unavyoutumia wakati.

Kwanza kuna michezo ya zamu. Hii ni nduguye bao na sataranji: wewe hucheza, kisha mwenzio hucheza, na kwa desturi hapana wa kukuharakisha. Ulio mashuhuri mno ni Civilization, uliotungwa na Sid Meier na kutolewa Marekani mwaka 1991. Huanza mwaka 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na mchezaji hulilea taifa lake tangu kijiji cha kwanza hata safari za angani. Mwanzoni zamu moja hubeba miaka chungu nzima. Kadiri zama zinavyosogea miaka hiyo hupungua, hata zamu moja ikawa mwaka mmoja. Nayo ni hesabu ya maana, kwani mambo ya kale yalikwenda polepole, na ya leo huenda mbio.

Pili ni michezo ambayo saa haisimami. Njia yake ilitengenezwa na Dune II ya mwaka 1992. Miongoni mwa iliyofuata ni Age of Empires II ya mwaka 1999, ambayo ndani yake mna kisa cha Salahuddin na vita vyake na Wafaranji. Humo mfanyakazi mmoja hugharimu chakula 50, na hungojewa sekunde 25 mpaka atokee. Kuvuka zama za kwanza kuingia za pili kunataka chakula 500. Basi mchezaji stadi huhesabu sekunde kama nahodha ahesabuvyo maji kujaa na kupwa; akizubaa kidogo, mwenziwe amekwisha kumtangulia. Huko Korea Kusini mchezo wa aina hii, StarCraft wa mwaka 1998, ulikuwa ukionyeshwa katika televisheni kama kandanda, na mabingwa wake waliweza kutoa amri zaidi ya 300 kwa dakika moja. Hapa ndipo ngoja ngoja huumiza matumbo.

Iko pia michezo ichanganyayo hali mbili hizo. Ile ya Total War, iliyoanza mwaka 2000, hupanga mambo ya dola kwa zamu, lakini majeshi yakikutana uwanjani saa huanza kukimbia.

Aina ya mwisho ndiyo itugusayo zaidi sisi watu wa pwani. Europa Universalis IV, iliyotoka Uswidi mwaka 2013, ina kalenda itembeayo siku baada ya siku, tangu tarehe 11 Novemba 1444 hata mwaka 1821. Mchezaji huweza kuiendesha kwa kasi tano, au kuisimamisha kabisa akafikiri na kutoa amri. Humo imo Kilwa, imo Malindi, imo Mombasa, na Mreno yuko njiani. Kuzingira ngome hupimwa kwa awamu za siku 30, na kwa kasi kubwa mwaka mzima hupita kufumba na kufumbua.

Hapo ndipo napatia shaka. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696 hata Disemba 1698, karibu miezi 33. Wareno, na Waswahili waliokuwa upande wao mle ndani, wengi walikufa kwa maradhi kabla ya kufikiwa na upanga. Kijana aipitishaye miezi hiyo kwa kubonyeza kidude atajua tarehe na mshindi, lakini uzito wa kungoja hataujua. Huo sharti asimuliwe na wazee wake.

Wanazuoni wamekhitalifiana tangu kale juu ya sataranji. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, kauli mashuhuri ni kuwa ni makuruhu, na huwa haramu ikiingia kamari au ikimpotezea mtu sala. Nikiipima michezo hii kwa mizani hiyo, naona jambo la ajabu kidogo. Mchezo wa zamu ndio mpole, kwani adhana ikilia waweza kuondoka na taifa lako likakungoja. Lakini kwa sababu haukukatazi kuondoka, haukuhimizi pia. Mchezaji husema "zamu moja tu, kisha nalala", na Alfajiri ikamkuta papo hapo. Ule wa mbio, unaposhindana na mwenzio, haukupi nafasi hata ya kunywa maji, ila mara nyingi huisha kabla ya saa kupita.

Kwa hivyo mzazi asiishie kumwuliza mwanawe, "Wacheza nini?" Amwulize pia, "Mchezo wako huisha lini?" Hata mtoto wa chuoni amekwisha kuhifadhi Sura ya Al-Asr, yenye aya tatu tu, na ya kwanza yataja wakati. Jawabu ataipata bila ya kufundishwa upya.