Akademgorodok, mji wa wanasayansi katika misitu ya Siberia

Umri wa Mikhail Lavrentyev ulikuwa unakaribia miaka 60, na jina lake lilikuwa kubwa miongoni mwa wanahisabati wa Moscow, alipofunga mizigo kuhamia Siberia. Mei 1957 serikali ya Kisovieti iliidhinisha wazo lake na wenzake, Sergei Sobolev na Sergei Khristianovich: ujengwe mji mzima wa wanasayansi kusini mwa Novosibirsk, jirani na Mto Ob, takriban kilomita 2,800 kutoka Moscow. Mwaka uliofuata Lavrentyev alikuwa tayari akiishi katika nyumba ya mbao kwenye Bonde la Dhahabu, ujenzi ukiendelea kando yake.

Siberia ilikuwa na mbao, makaa ya mawe na madini tele, lakini wataalamu walirundikana Moscow na Leningrad. Huko kijana mwenye kipaji alisubiri miaka mingi mpaka mzee fulani aachie kiti. Akademgorodok ilimpa maabara yake mwenyewe na nyumba ya kuishi na familia. Wengi walikwenda.

Taasisi zilipangwa karibu karibu, kiasi kwamba mwanafizikia angeweza kumtembelea mwanakemia kwa miguu. Msonobari haukukatwa ila palipolazimu. Kando ya bwawa kubwa ambalo wenyeji huliita Bahari ya Ob, ulimwagwa mchanga pakawa ufuko wa kuogelea. Usawa haukuwa kamili, kwani nyumba ziligawiwa kwa vyeo, na mkono wa wakubwa ulifika hadi kwenye ramani: kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev aliona hoteli ya ghorofa 12 ni anasa, ikakatwa ikawa na ghorofa 8.

Hata hivyo, jambo zuri kuliko yote katika mpango ule lilikuwa shule. Mwaka 1962 maswali magumu ya hesabu na fizikia yalichapishwa magazetini, na watoto wa Siberia nzima, hata wa vijiji vya mbali, wakaalikwa kutuma majibu. Waliofanya vizuri waliitwa kwenye masomo ya kiangazi, na Januari 1963 ikafunguliwa shule ya bweni kwa ajili yao, hatua chache kutoka chuo kikuu kilichoanza mwaka 1959. Maprofesa wakubwa waliingia madarasani kuwafundisha vijana wale.

Maabara nazo hazikulala. Gersh Budker, mkuu wa Taasisi ya Fizikia ya Nyuklia, aliwakusanya wenzake kuzunguka meza ya duara kwa kahawa na mabishano. Hapo ilijengwa mitambo ya kugonganisha chembe za atomu, miongoni mwa ya kwanza duniani. Leonid Kantorovich, aliyetumia hisabati kupanga uchumi, alifanya kazi mjini humo kabla ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1975. Dmitri Belyaev alitafiti jeni katika nchi ambayo Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo, alikuwa ameifanya elimu hiyo kuwa kosa. Mwaka 1959 alianzisha jaribio la mbweha: katika kila kizazi walichaguliwa wale waliomwogopa binadamu kidogo kuliko wengine, wakazalishwa. Vizazi vilivyofuata vilitoa mbweha wanaotikisa mkia wakimwona mtu, wengine wakiwa na masikio yaliyolala na manyoya ya madoadoa.

Na utamaduni? Ulikuwepo, tena wa nguvu. Katika mkahawa ulioitwa Chini ya Integrali vijana walicheza dansi, wakajadili siasa na falsafa. Mwaka 1967 Nyumba ya Wanasayansi ilionyesha michoro ya Pavel Filonov, msanii aliyefichwa kwa miongo mingi. Machi 1968 mwimbaji Alexander Galich alipanda jukwaani na gita, akaimba kumkumbuka mshairi Boris Pasternak, na ukumbi ukasimama.

Mwaka huohuo wakazi 46 walitia saini barua ya kupinga kesi iliyoendeshwa kwa siri dhidi ya waandishi huko Moscow. Barua ikasomwa redioni ng'ambo. Waliosaini wakaitwa mmoja mmoja kuhojiwa, wengine wakapoteza kazi, na mkahawa ukafungwa. Hilo ndilo pigo kubwa zaidi katika historia ya mji huu. Wakubwa walitaka akili zinazohoji maumbile ya ulimwengu lakini zisihoji serikali, na wanaume na wanawake wale walikataa kugawanywa hivyo. Wanastahili heshima sawa na wale waliojenga mitambo.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mishahara ilikauka na watafiti wengi wakahamia nje. Taasisi ya Budker ilisalimika kwa sababu ilikwishazoea kuuza mitambo yake kwa viwanda. Baadaye ilitengeneza sumaku za mtambo mkubwa wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Kenya nayo inajenga Konza, mji wa teknolojia ulioanza rasmi mwaka 2013 kwenye nyika kusini-mashariki mwa Nairobi. Wapangaji wake wasiishie kuhesabu majengo na nyaya za intaneti. Waanze sasa kumtafuta mtoto wa Makueni au Turkana anayependa hesabu, na wamwekee kitanda na mwalimu ndani ya mji huo.