Hati ya Halmashauri na Mikoko ya Delta

Wako ndugu zetu wanaoiona hati ya mji au ya halmashauri kuwa ni karatasi ya kupamba ukuta. Sisi hatukubaliani nao. Karatasi hiyo ndiyo isemayo nani aamue, nani atoze ushuru, na amri yake iishie wapi.

Tena lililotolewa kwa karatasi huweza kuondolewa kwa karatasi. Dar es Salaam ilifanywa jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja tu baada ya Uhuru. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri zikafutwa nchini, na madaraka yakakabidhiwa maofisa wa mikoa na wilaya. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Zile za wilaya zikarejeshwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982.

Sasa tuitazame Kibiti. Zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, ambayo makao yake yalikuwa Utete, ng'ambo ya mto; na kabla ya daraja la Mkapa kukamilika mwaka 2003, mto ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu. Katikati ya miaka ya 2010 Kibiti ikamegwa, ikapata halmashauri yake. Mvuvi wa delta hufika Nyamisati kwa mashua, akashika barabara mpaka Kibiti, asivuke tena mto kwenda kudai haki yake. Hilo si jambo dogo, na tunalipongeza.

Lakini halmashauri yenye jengo na isiyo na fedha hufanana na jahazi lisilo na tanga. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 (ilikuwa kero, nasi hatuililii), na tangu hapo mabaraza mengi yamezidi kungoja ruzuku ya Serikali Kuu. Hata sheria ndogo wanazotunga madiwani hazina nguvu mpaka Waziri aziidhinishe.

Jambo zito zaidi ni mikoko. Misitu ya mikoko ya delta, yapata hekta 53,000, imo mikononi mwa dola tangu zama za Wajerumani, na leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Basi diwani wa Salale au Mbuchi anachaguliwa na watu walimao mpunga na kuvua kandokando ya msitu ambao baraza lake halina amri juu yake. Mkulima akiambiwa shamba lake limeingia hifadhini, humkimbilia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti humkimbilia diwani. Naye diwani hana hati ya kujibia.

Hatusemi mikoko ikatwe. Mikoko ikiisha, kamba nao wataisha, na bahari itaingia mashambani. Tunachodai ni ramani, yenye kuonyesha wazi kijiji kinaishia wapi na hifadhi inaanzia wapi, ibandikwe katika ofisi ya kila kijiji cha delta, kando ya cheti chake cha kuandikishwa.